Wiki nne za mwanzo Leipzig: jina lako lisipokuwepo kwenye sanduku la barua, na wewe hupo

Mtoto wa Miembeni (mleta uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu wanajukwaa.

Miaka mingi mimi ni msomaji wa kimya humu. Nyuzi za safari nimezisoma mpaka alfajiri, sikuwahi hata kusema ahsante. Leo nalipa deni. Nimefika Leipzig, Ujerumani, Alhamisi ya tarehe 2 Oktoba 2025 kusoma shahada ya pili. Sitowaeleza Ujerumani ikoje, maana siijui. Nitawaeleza mtu wa Unguja anavyopotea ndani yake kwa wiki nne.

Ndege hazina hadithi: Unguja, Addis, Frankfurt, basi. Hadithi inaanza kwenye treni. Ile niliyokatia tiketi ilifutwa, nikaambiwa panda inayofuata, nayo ikachelewa zaidi ya saa. Nikaingia na masanduku yangu mawili, nikakaa kiti cha mwanzo nilichokiona kitupu. Juu yake pana kijiskrini kina majina ya miji, nikajua pambo. Tulipofika Fulda akaingia mama mmoja, akanionesha kijiskrini kwa kidole: kile kiti ni chake mpaka Erfurt. Nikahama. Behewa la pili nikapata kiti kisicho na maandishi, nikashusha pumzi, nikampigia bi mkubwa WhatsApp. "Mama, nimefika!" Sauti ile yetu, ya kumwita mtu kutoka barazani mpaka jikoni.

Behewa zima likageuka. Mzee mmoja akaninyooshea mchoro uliobandikwa kwenye kioo: uso wa mtu na kidole mdomoni. Kumbe kuna mabehewa ya watu wanaotaka kimya. Nikabaki nimeshika simu, mama upande wa pili anasema, "Mbona hunijibu? Wamekukamata?"

Leipzig nimeingia saa nne kasoro usiku. Stesheni yake ni ya mwaka 1915 na ni kubwa mno. Bandari yetu ya Malindi ingeingia ndani ikabaki nafasi ya kuegesha boti. Alinipokea kijana wa Kenya tuliyejuana kwenye kundi la wanafunzi. Ofisi ya mabweni ilikuwa imeshafungwa tangu mchana, lakini nilimwandikia barua ya idhini wiki moja kabla, akanichukulia ufunguo. Bila ya huyo ningelala stesheni. Mnaokuja, hilo lipangeni mapema.

Bweni lipo mtaa unaoitwa Straße des 18. Oktober. Yaani mtaa jina lake ni tarehe, kama sisi tungeita "Barabara ya 12 Januari". Ni tarehe ya vita vya mwaka 1813, Napoleon alipopigwa hapa, na mwisho wa mtaa unaliona jabali la mnara wa kumbukumbu, mita 91, jeusi. Nilipoinua macho kuangalia bweni lenyewe usiku ule nikacheka peke yangu. Jumba refu la zege, madirisha sawasawa, ngazi zinazofanana. Wallahi nilidhani nimeshushwa Michenzani, kwenye yale majumba yetu ya Unguja.

Kesho yake nikaamka na njaa. Nikashuka kutafuta duka. Limefungwa. La pili, limefungwa. Barabara tupu, nikadhani kuna marufuku ya kutoka. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu yao ya Muungano, wa mwaka 1990. Na sisi tunayo yetu, 26 Aprili, lakini lini umeona Darajani pamefungwa hata kidole cha mkungu wa ndizi hupati?

Nimekula visheti vya bi mkubwa na maji ya bomba kutwa nzima. Naendelea baadaye, nina kipindi.

Tandale One

Mkuu usituache njiani. Nimeweka kambi hapa na mkeka.

Binti Chumbe

"Wamekukamata?" 😂😂 Mama zetu ni wale wale. Wangu nilipofika Poland aliniuliza kama nimepewa chakula cha usiku. Nani anipe, mama?

Nairobi Kwa Baridi

Sikukuu na Jumapili karibu maduka yote hufungwa, lakini maduka ya chakula ndani ya stesheni kuu ya Leipzig huwa wazi. Huyo Mkenya mwenzangu hakukuambia?

Mtoto wa Miembeni

Alinambia. Usiku ule ule, tukiwa ndani ya stesheni. Mimi nilikuwa nimelala nimesimama.

Haya, sehemu ya makaratasi. Hii ndiyo sababu ya uzi.

Mwanafunzi wa nje akija kwa pesa zake mwenyewe, Wajerumani wanataka kuona pesa ya mwaka mzima kabla hujapewa viza. Mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904. Inawekwa kwenye akaunti iliyofungwa, na kila mwezi inakutolea 992, hata senti moja zaidi hupati. Kwetu hiyo pesa haikutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Ami yangu aliyeko Maskati katoa nusu, shangazi kauza kiwanja cha Fuoni, na mama kavunja mchezo wake kabla zamu yake haijafika, akalipa fidia kwa wenzake. Naeleza hivi mpate kujua nilivyokuwa nahisi kila siku pesa ile ilipokataa kutoka.

Maana iko hivi. Pesa iliyofungwa haitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki ya huku. Benki niliyokwenda ikataka cheti cha usajili wa makazi, wenyewe wanaita Anmeldung. Cheti hicho unakipata ofisi ya manispaa, na sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Manispaa inataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli unakaa hapo. Na mwenye nyumba, ambaye kwangu ni ofisi ya mabweni, anataka namba ya akaunti ya benki akate kodi.

Soma tena polepole. Ni kama yule kuku na yai, ila hapa yai linataka barua kutoka kwa jogoo.

Halafu huendi tu ofisini ukapanga foleni ukasema "shikamoo mzee, nina shida". Lazima uwe na miadi. Miadi inachukuliwa kwenye tovuti. Nimefungua tovuti Jumamosi: nafasi ya karibu ni mwezi wa Novemba. Nikafungua alfajiri baada ya sala, Jumapili hakuna, Jumatatu saa moja asubuhi ikatokea moja ya Jumatano, mtu kaghairi. Niliibonyeza kama mtu anayekamata panzi.

Kaka wa Kariakoo

Kwani usingefungua akaunti ya kwenye simu? Mimi nilipokuwa Hamburg nilifungua kwa video, dakika kumi, pasipoti tu.

Mtoto wa Miembeni

Nilijaribu mbili. Ya kwanza haikubali pasipoti yetu kwa njia ya video. Ya pili iliikubali, lakini yule dada wa kwenye video kila nikiigeuza pasipoti taa ya chumba inang'aa juu yake, haioni. Mara ya nne mtandao ukakatika, nami nikakata tamaa. Kwa hiyo mnaokuja: bebeni pesa taslimu ya kuwatosha mwezi na zaidi. Mimi nilikuja na euro 600, na amana ya chumba ilikuwa imeshalipwa kutoka nyumbani. Zisingekuwepo zile 600 sasa hivi nisingekuwa naandika, ningekuwa naomba.

Tandale One

Vipi maboksi mkuu? Tuambie ukweli, unabeba? Maana humu kila mtu anasema anasoma.

Mtoto wa Miembeni

Ndugu yangu, hapa "kubeba boksi" si methali. Kiwanja cha ndege cha Leipzig/Halle ndipo penye kituo kikubwa cha vifurushi cha DHL, na kazi zake nyingi ni za usiku. Wanafunzi wengi wanakwenda. Ruhusa ya mwanafunzi wa nje ni siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Mimi bado sijaanza. Hata kazi yenyewe inataka namba ya kodi, na namba ya kodi inakuja kwa barua.

Na hapo ndipo penye kisa cha barua. Subirini.

Mstaafu wa Karl Marx

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Mimi nilifika Leipzig 1984, wakati chuo kinaitwa Karl Marx na nchi inaitwa nyengine. Tulipelekwa Herder-Institut kusoma Kijerumani kwanza, kisha tukatawanywa. Mimi nikapangiwa Dresden. Hatukuwa na huu mduara wenu. Kiwanja cha ndege alikuja mtu na orodha, akatuhesabu kama wari wanaopelekwa harusini, tukapewa makoti, tukapandishwa basi. Wiki nzima hatukuuliza swali, na hakuna aliyetaka tuulize.

Kuhusu Michenzani hukukosea, ila nikusahihishe kidogo. Majumba ya mwanzo waliyotujengea Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ni ya Kikwajuni na Kilimani. Michenzani ilifuata, na mikono iliyoinua zege lile kwa sehemu kubwa ni ya vijana wetu wenyewe, kwa kujitolea na kwa kujitolewa. Lakini ukoo ni mmoja. Mimi siku ya kwanza nilipoona mabweni ya huko nilisema: kumbe nimetoka nyumbani nimekuja nyumbani, ila wenyewe hawajaanika nguo nje.

Lile jengo refu la chuo, lililokaa kama kitabu kilichofunguliwa, bado lipo?

Mtoto wa Miembeni

Shikamoo mzee wangu. Lipo, mita 142, unaliona kila uendako. Si la chuo tena, wamepanga watu wengine, na juu kuna mkahawa na mahali pa kutazamia mji. Mimi ndilo linalonirudisha nyumbani nikipotea, kama mnara wa Minara Miwili kwa mtu wa Malindi.

Na kweli hawaaniki nguo nje.

Mstaafu wa Karl Marx

Marahaba mwanangu. Soma.

Mtoto wa Miembeni

Jumatano ya tarehe 8 nimekwenda manispaa. Miadi saa tatu na nusu asubuhi. Nimefika saa mbili, kwa woga. Saa tatu na nusu kamili namba yangu ikaita. Mama wa nyuma ya meza alizungumza Kijerumani tu, mimi nina maneno kama arubaini, na thelathini kati yake ni vyakula. Akatazama karatasi (ofisi ya mabweni ilikubali kuisaini kabla sijapata akaunti), akagonga muhuri, akanipa cheti, akasema kitu kwa haraka huku akinionesha herufi za jina langu. Nikatabasamu, nikasema "ja, ja", nikatoka mbio. Dakika saba zote.

Alhamisi nikafungua akaunti. Nikaambiwa kadi itakuja kwa posta, na namba ya siri nayo kwa posta, bahasha tofauti, siku tofauti. Na bima ya afya kadi yake kwa posta. Na namba ya kodi kwa posta. Nchi yenye viwanda vyote hivi, na kila kitu kinaletwa na mtu wa baiskeli ya njano.

Jioni hiyo hiyo nikakuta watu wamejaa uwanja wa Augustusplatz na mishumaa. Nikauliza kuna msiba? Ni kumbukumbu ya tarehe 9 Oktoba 1989. Usiku ule watu wasiopungua 70,000 walitoka kanisa la Nikolai na mitaani, wakauzunguka mji kwa miguu, na askari hawakupiga risasi. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Kila mwaka wanaweka mishumaa ikaandika 89. Bibi mmoja alinipa mshumaa na mimi, hakuniuliza mimi nani. Nimeshika moto mkononi, pesa sina, nafikiria kadi ya benki.

Wiki ikapita. Kila asubuhi nashuka kuangalia sanduku la barua. Matangazo ya piza, basi. Wiki ya pili inakwisha, zile 600 zimebaki 140. Nikaenda benki. Yule kijana akatazama kwenye kompyuta, akasema barua zote mbili zimerudi. Mpokeaji hajulikani kwenye anwani hiyo.

Mimi? Sijulikani? Nina cheti cha manispaa, nina muhuri! Akaniuliza kwa upole: "Jina lako limeandikwa kwenye sanduku?"

Sanduku lilikuwa na jina la mtu aliyehama. Miezi miwili nyuma yupo Brazil au wapi sijui, lakini kwa mtu wa posta yeye ndiye anayekaa, mimi ni upepo. Hapa hawatazami namba ya chumba. Nyumba haina namba ya chumba kwenye anwani, kuna jina tu. Wala mtu wa posta hatouliza "jamani, huyu mtoto wa nani kahamia hapa?" kama kwetu, ambako barua ya sanduku la posta la skuli inakufikia kwa kupitia kwa muuza kahawa. Na sasa ndiyo nikaelewa yule mama wa manispaa alikuwa ananambia nini na herufi zile.

Nikarudi, nikakata kipande cha bahasha, nikaandika jina kwa kalamu ya wino mzito, nikalibandika kwa gundi ya karatasi. Baada ya siku tatu barua ya kwanza ikaja, jina langu kamili, bila kosa hata moja. Moyo ukaruka.

Ilikuwa ya kudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo.

Binti Chumbe

Naliaaaa 😂😂😂 Karibu Ulaya, kaka. Hao hawajawahi kushindwa kumpata mtu.

Nairobi Kwa Baridi

Lipa usiitupe. Kama mnaishi kwenye fleti moja yenye jiko la pamoja, anayelipa ni mmoja, wengine mnatoa namba yake. Uliza kwanza wenzako nani analipa.

Mtoto wa Miembeni

Ndivyo ilivyokuwa, analipa Mvietnamu mmoja ninayekaa naye, nikaandika namba yake, yakaisha. Kadi ya benki imeingia Ijumaa, namba ya siri Jumatatu. Jumanne pesa ya mwezi wa kwanza ikafunguka. Nilimtumia mama picha ya salio, akaniambia nisimuoneshe mtu.

Mchungu Kidogo

Mnapaka rangi. Huko ni jimbo la Saxony, chama cha AfD, kile kinachopinga wahamiaji, kiliongoza jimbo zima uchaguzi wa Februari 2025. Mbona husemi ubaguzi? Au mpaka ukupate?

Mtoto wa Miembeni

Swali la haki. Mara moja kwenye tramu usiku mwanamme mmoja aliyelewa alininenea maneno. Sikuyaelewa yote, lakini sauti haihitaji tafsiri. Watu walitazama simu zao. Msichana mmoja tu alihama kiti akaja kukaa karibu yangu, hakusema kitu, akashuka kituo nilichoshuka mimi, akaenda zake upande mwengine. Nilitetemeka mpaka kitandani. Mama sijamwambia, na nyinyi msimwambie.

Wenyeji wananambia Leipzig yenyewe si kama vijiji vinavyoizunguka, na mtaa wa Eisenbahnstraße umejaa Waarabu, Waturuki na watu wetu wa Afrika. Huko ndiko ninakonunua nyama ya halali na mchele. Lakini siwezi kukwambia hakuna. Wiki nne ni chache kusema hakuna, na ni chache kusema kila mahali.

Zuhura wa Wete

Kaka, maswali ya ndani. Chooni unafanyaje? 🙈 Na chakula?

Mtoto wa Miembeni

Nilikuwa nalisubiri hili, hakuna aliyekuwa na ujasiri.

Chooni hakuna maji. Karatasi tupu, kavu, kama wanakwenda kufunga zawadi. Siku ya kwanza nilitumia chupa. Jumamosi nikaenda duka la vifaa vya nyumbani, nikazunguka, nikaliona: kopo la kumwagilia maua, la plastiki, kijani, lina mdomo mrefu. Euro 3. Mwenye duka akaniuliza nina mimea gani. Nikasema mingi. Mfaransa ninayekaa naye alinikuta nalo koridoni, akasema kwa furaha, "Oh, unapenda bustani!" Sasa ameniletea mche wa mnanaa, uko dirishani, na kweli unataka maji.

Chakula: sheria za Ulaya nyama na maziwa kutoka kwetu hairuhusiwi kuingia, lakini samaki kwa matumizi yako inaruhusiwa mpaka kilo 20. Mama alinifungia ng'onda wa papa, tabaka tatu za gazeti na mbili za nailoni. Jumapili ya mwanzo, mji kimya kama makaburini, hakuna adhana, hakuna pikipiki, hakuna mtoto anayelia, nikasema leo najipikia wali wa nazi na ng'onda. Tui la kopo. Nilipowatia ng'onda mafutani, king'ora cha moshi kikapasuka. Mfaransa akatoka chumbani kaziba pua. Mjerumani akafungua madirisha yote, baridi ikaingia. Mimi nimesimama na mwiko, aibu mpaka kisogoni.

Akatoka Mvietnamu. Akanusa. Akanusa tena. Akarudi chumbani mbio, nikajua huyu naye ananihama. Akatoka na chupa ya mchuzi wao wa samaki na pilipili mbichi nne, akakaa mezani akasubiri sahani. Tulikula sisi wawili, mikono mitupu. Shangazi yake alikuja kufanya kazi kiwandani wakati wa Ujerumani Mashariki, akabaki, ana duka la mboga. Tangu siku hiyo Jumapili ni yetu.

Zuhura wa Wete

Mnanaa 😭😭😭

Kaka wa Kariakoo

Na masomo yenyewe? Umeandika yote isipokuwa ulichoendea.

Mtoto wa Miembeni

Kaka, masomo ndiyo kitu rahisi mpaka sasa, kwa sababu mtu anakueleza. Ila nimekosea mara mbili, zote kwa sababu ya saa.

Kwanza, ratiba ikiandikwa saa tano asubuhi na pembeni pana herufi c.t., kipindi kinaanza saa tano na robo. Dakika 15 za chuo, desturi ya zamani. Mimi nilifika saa tano kasoro dakika tano, ukumbi mtupu, nikaamini nimekosea jengo, nikaondoka kulitafuta jengo jengine. Nikarudi saa tano na nusu nimelowa jasho, mia mbili wameshakaa wananitazama. Wajerumani wote wale na saa zao, halafu chuo kinachelewa kwa makubaliano!

Pili, mwalimu wa Kijerumani aliniambia tukutane "halb vier". Vier ni nne, halb ni nusu. Mimi nikajumlisha: saa nne ya kwao na nusu. Kumbe ni nusu kuielekea nne, yaani saa tisa na nusu alasiri ya kwetu. Nilichelewa karibu saa nzima, na nilipofika nilikuwa najisifu nimewahi dakika tano.

Na wameturudisha nyuma saa moja tarehe 26 Oktoba. Tangu siku hiyo jua linazama saa kumi na moja kasorobo. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana kama daladala za Mwanakwerekwe zinazogombania abiria. Wananambia Desemba litazama saa kumi. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu jua. Huku jua lenyewe halina saa. Nikimwambia mama "saa kumi na mbili jioni" anaona watu wanatoka ufukweni, mimi ni kiza cha usiku wa manane.

Gharama: ada ya masomo hapa sikutozwa. Nalipa mchango wa muhula, karibu euro 300, na ndani yake mna tiketi ya tramu, mabasi na treni za kawaida nchi nzima. Msichanganye na jimbo la Baden-Württemberg, kule wageni wa nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kila muhula.

Halafu na hili. Wiki iliyopita nipo kantini naongea na ami wa Maskati kwenye simu. Nilipokata, kijana wa Kijerumani, ndevu nyekundu, kanisogelea na sahani yake, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo." Mimi, miaka 25, mdomo wazi, nikajibu "Marahaba." Anasoma Kiswahili hapa hapa, chuo kina idara ya masomo ya Afrika. Akaniuliza kama nasema "kwengine" au "kwingine" nyumbani, na kwa nini. Sikuweza kumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nije kwamba mtu kaniuliza kitu nikajiona nina mji.

Sasa namfundisha matusi ya Ng'ambo, ananisahihishia barua za Kijerumani.

Tandale One

Marahaba bila aibu 😂 mzee wa miaka 25.

Mchungu Kidogo

Haya, uzi mzuri. Nilikuja na mawe, naondoka nayo.

Zuhura wa Wete

Kaka, mimi nimekubaliwa kuanzia Aprili, Leipzig hapo hapo, inshaallah nikipata viza. Nitapita Unguja kwanza. Nikuletee nini kutoka kwa bi mkubwa?

Mtoto wa Miembeni

Mashaallah, hongera dada. Nitumie jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, nikubandikie sandukuni kabla hujaondoka Pemba. Niletee ng'onda, na mwambie bi mkubwa kwamba Mvietnamu anamsalimia.

Kopo njoo na lako. Langu lina mnanaa.